Elimu ni Haki, Si Hisani

*Hotuba hii ilitolewa na mwalimu mkuu wa shule ya umma ya kutwa mbele ya mkutano wa waumini na watetezi wa haki. Tunaichapisha yote ili isomwe na kujadiliwa katika vikundi vya parokia, mitaa na vijiji.*



Mada niliyopewa ni maono ya mwalimu mkuu kuhusu mustakabali wa elimu nchini Kenya. Ni mada pana, na mtu angeweza kuizungumzia tangu asubuhi hadi jua lizame asiimalize. Mimi nitaifupisha iwe swali moja: Je, mtoto anayehitimu katika shule ya umma atoke akiwa nani? Atoke akiwa raia anayeijua haki yake, au atoke akiwa mwombaji aliyezoea kushukuru?

Nauliza hivyo kwa sababu shule hufundisha hata wakati mwalimu hayuko ubaoni. Hufundisha kwa namna inavyodai karo, inavyogawa chakula, inavyotumia fedha, na inavyomjibu mtoto aliyethubutu kuuliza. Mtaala huo haukuandikwa popote wala hautahiniwi, lakini hakuna mtoto anayeufeli. Wahenga walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na taifa nalo hukua hivyo hivyo.

Wananchi walitangulia

Ndugu wapendwa, tusisahau kwamba katika nchi hii kiu ya elimu haikungoja serikali. Wakati wa ukoloni, wananchi waliotofautiana na wamisheni walianzisha shule zao wenyewe. Katika mkoa wa Kati, shule za kujitegemea zilienea baada ya mgogoro wa mwaka 1929. Mwaka 1939 Peter Mbiyu Koinange, aliyekuwa amerejea kutoka masomoni ng'ambo, alianzisha chuo cha ualimu cha Githunguri. Chuo hicho kiliinuliwa kwa michango ya watu wa kawaida, marika wakishindana kuchanga. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, serikali ya kikoloni ilikifunga pamoja na shule nyingi za namna hiyo. Mkoloni alielewa vema kwamba shule inayomilikiwa na watu wanaojihesabia fedha zao wenyewe hufundisha zaidi ya kusoma na kuandika.

Baada ya uhuru, moyo huo huo ulijenga shule za harambee. Akina mama waliuza kuku, wazee waliuza mbuzi, vijana walichimba misingi na kufyatua matofali. Ilifika wakati shule za upili za harambee zikawa nyingi kuliko zile zilizosaidiwa na serikali. Kwa hiyo yeyote asituambie kwamba mwananchi wa Kenya hapendi kugharimia elimu. Amekuwa akiigharimia kwa jasho. Alichonyimwa ni kauli katika uendeshaji wake.

Ahadi zilizotoka mlangoni na kurudi dirishani

Mwaka 1963 chama kilichotwaa madaraka kiliwaahidi wananchi elimu ya bure. Ahadi ni deni, na deni hili limelipwa nusu nusu.

Mwaka 1974 karo ya madarasa ya chini ya msingi iliondolewa kwa tamko la Rais. Watoto walifurika shuleni. Lakini hapakuwa na mpango wa madarasa wala madawati, na kamati za shule zikaanza kutoza ada ya ujenzi. Katika shule nyingi ada hiyo ilizidi ile karo iliyoondolewa. Karo ilitoka mlangoni ikarudi dirishani, na watoto wa maskini wakatoka nayo.

Mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4. Shabaha yake ya kumpa mtoto ujuzi wa mikono ilikuwa njema. Lakini mfumo uliletwa kwa haraka, na wazazi wakaamriwa kujenga karakana na vyumba vya sayansi kimu. Wengi walijenga, na vyumba hivyo vikakaa bila vifaa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1988, serikali ilipitisha sera ya kugawana gharama na wazazi. Tangu hapo mtoto alirudishwa nyumbani kwa kukosa kitabu, kwa kukosa dawati, hata kwa kukosa ada ya mtihani.

Wengi wenu mnaukumbuka mwaka 2003. Elimu ya msingi ilitangazwa kuwa bure, na zaidi ya watoto milioni moja wakaongezeka shuleni. Januari 2004 mzee Kimani Maruge, akiwa na umri wa miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza huko Eldoret ili ajifunze kusoma. Mzee huyo alikuwa ushahidi kwamba mlango ukifunguliwa, hata waliofungiwa nje kwa maisha yao yote wataingia.

Mwaka 2010 tukapiga hatua kubwa kuliko zote. Katiba, katika kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya kupata elimu ya msingi iliyo ya bure na ya lazima. Na kisheria elimu hiyo ya msingi haiishii darasa la nane. Inafika hadi mwisho wa sekondari. Hapo elimu ilikoma kuwa zawadi ya Rais, ikawa dai la raia.

Basari na makofi

Sasa tuangalie kinachotendeka.

Mwaka 2018 serikali ilipanga mgao wa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa shule ya upili ya kutwa kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo, shule ya wanafunzi 400 ingestahili shilingi 8,897,600. Waulizeni walimu wakuu mnaowafahamu fedha hizo hufika lini, na hufika ngapi. Hufika kwa mafungu, zimechelewa, na pungufu. Julai 2025 Waziri wa Fedha mwenyewe aliiambia kamati ya Bunge kwamba bajeti haiwezi kubeba kiwango chote. Wakati huo mpishi anadai mshahara, mwenye duka anadai mahindi, na umeme unakatwa. Mwalimu mkuu anabaki na njia mbili: akope, au awarudishe watoto nyumbani.

Na mtoto anaporudi nyumbani, safari ya pili huanza. Mama huamka alfajiri akatafuta fomu ya basari. Aende kwa chifu apate mhuri. Aende kwa mchungaji au padri apate sahihi ya kuthibitisha kwamba yeye ni maskini. Nyinyi watumishi wa Mungu mnazijua fomu hizo, kwa maana zina mahali palipoachwa kwa ajili ya majina yenu. Kisha aipeleke katika ofisi ya mbunge, nyingine ofisi ya kaunti, angoje. Siku ya kugawa hundi huitishwa mkutano. Hundi ya karatasi ngumu, pana kama mlango, huinuliwa juu na picha zikapigwa. Watoto hupangwa mstari wapige makofi.

Ndugu zangu, fedha hizo ni kodi ya mama yule yule. Ameilipa aliponunua sukari, ameilipa aliponunua mafuta ya taa, ameilipa alipotuma pesa kwa simu. Inarudi kwake ikiwa imevaa koti la mwanasiasa. Na yule mtoto aliyesimama mstarini amefundishwa somo ambalo hakuna mwalimu wa uraia atakayeweza kulifuta: kwamba kilicho chake kisheria hupatikana kwa kumshangilia mtu.

Sisemi basari zikomeshwe kesho asubuhi na watoto wabaki njiani. Nasema fedha hizi zilizotawanywa katika mifuko mingi zikusanywe na zitumwe shuleni moja kwa moja, kwa kiwango kinachojulikana na kwa tarehe inayojulikana, kwa kila mtoto, bila kuuliza mzazi wake alimpigia nani kura. Haki ikishagawanywa kwa mkono wa mtu, yule mtu ataufunga mkono apendapo.

Shule ninayoiona mbele

Nimetakiwa kutoa maono. Yangu ni mambo manne, na yote yanawezekana katika nchi hii.

Kwanza, hesabu za shule ziwe wazi. Naiona siku ambapo kila shule ya umma, mwisho wa kila muhula, itabandika langoni karatasi yenye maneno machache: tumepokea kiasi hiki kutoka serikalini tarehe fulani, wazazi wamelipa kiasi hiki, tumetumia hiki kwa chakula, hiki kwa maabara, hiki kwa mishahara, tunadaiwa hiki. Iandikwe kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji. Katika shule ninayoiongoza tulianza na karatasi moja ya manila. Muhula wa kwanza wazazi waliuliza kwa nini tunanunua kuni kwa mfanyabiashara wa mbali ilhali wao wana miti. Sasa tunanunua kwao, na thamani ya kuni inakatwa katika deni la mtoto. Muhula uliofuata walikuja wengine na maharagwe kabla hatujawaita. Mzazi anayeona hesabu hudai, na anayedai huchanga. Anayefichwa hufanya moja tu: hulalamika sokoni.

Pili, mwanafunzi awe na sauti. Wazee mnakumbuka uchaguzi wa mlolongo wa mwaka 1988, wapigaji kura walipopangwa nyuma ya wagombea, na mstari mfupi ukatangazwa kuwa ndio mrefu. Kwa miaka mingi viranja wa shule zetu waliteuliwa na mwalimu mkuu kwa namna isiyotofautiana sana na ile, kisha tukashangaa vijana hawauheshimu uongozi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mwakilishi wa baraza la wanafunzi nafasi katika Bodi ya Usimamizi. Lakini katika shule ngapi mwakilishi huyo huitwa kikaoni? Na akiitwa, husikilizwa, au hupewa soda akaambiwa arudi darasani?

Tunazungumza juu ya jambo la uhai. Machi 2001 vijana 67 waliteketea katika bweni la shule ya upili ya Kyanguli, wilayani Machakos. Madirisha yalikuwa na vyuma na mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Septemba 2024 wavulana 21 walifariki katika moto wa bweni huko Endarasha, Nyeri. Kila moto una chanzo chake, na siwezi kuahidi kwamba baraza la wanafunzi litazima kila kiberiti. Lakini kama mtoto anayelala katika bweni lile angekuwa na mahali halali pa kusema, "Mlango huu haufunguki, na vitanda vimebanana," na kukawa na mtu mzima aliyelazimika kumjibu kwa maandishi, tungepunguza makaburi. Aidha, kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na sheria ya mwaka 2013 ikakaza marufuku hiyo. Bado kinasikika. Shule inayovunja sheria mbele ya watoto haiwezi kuwafundisha kuitii.

Tatu, mwalimu aajiriwe kwa heshima. Januari 2023 Gredi ya 7 ilianza katika majengo ya shule za msingi, na maelfu ya walimu wakaletwa kuifundisha kama wanagenzi, kwa malipo madogo na mkataba wa muda, ingawa walikuwa na vyeti kamili. Mwaka 2024 Mahakama ya Ajira ilisema utaratibu huo haukuwa halali, na mwezi Mei walimu hao wakaingia barabarani. Wengi wao waliajiriwa kwa kudumu Januari 2025, lakini wengine wapya wakaletwa kwa mkataba ule ule. Sasa fikirini: huyu ndiye tunayemtaka awafundishe watoto kujiamini na kudai haki. Mwalimu anayeogopa kufukuzwa hawezi kufundisha ujasiri. Atafundisha ukimya, na ataufundisha vizuri.

Nne, shule iliyo karibu na nyumbani iwe shule njema. Januari 2026 kundi la kwanza la mtaala wa umilisi liliingia Gredi ya 10, katika sekondari pevu, na watoto wakapangiwa njia tatu: ya sayansi na teknolojia, ya sayansi za jamii, na ya sanaa na michezo. Kwenye karatasi, mtoto anachagua kwa kipaji chake. Lakini shule ya kutwa ya kijijini yenye maabara moja na isiyo na mwalimu wa muziki inampa kipaji gani nafasi? Pale mtoto hachagui njia. Njia imechaguliwa na umaskini wa shule. Yale ya karakana za mwaka 1985 yasirudiwe. Tusikubali mtaala mpya usimame juu ya madarasa yaleyale na mifuko ileile ya wazazi. Naiona Kenya ambayo kila wadi ina sekondari pevu ya kutwa yenye maabara, maktaba, karakana na walimu wa kutosha, na ambamo mzazi hauzi shamba ili mtoto wake aende mbali kutafuta kilichostahili kuwa jirani.

Kazi ya kanisa na ya watetezi

Naona wengine wanatikisa kichwa, wakisema mambo haya ni ya serikali. Ni ya serikali, ndiyo, na serikali ni yetu. Lakini iko kazi iliyo mikononi mwetu tangu leo.

Makanisa ni wadhamini wa maelfu ya shule za umma. Sheria inampa mdhamini wajumbe watatu katika Bodi ya Usimamizi, na wazazi wajumbe sita. Hao ni tisa, tena wengi wa Bodi. Nawauliza: kanisa lenu limempeleka nani? Limempeleka mtu anayeweza kusoma hesabu na kusema "hapana", au limempeleka mzee mwema anayefungua kikao kwa sala na kukifunga kwa sala, na katikati akatia sahihi? Katika miaka ya 1988 hadi 1992 baadhi ya maaskofu na wachungaji walisimama mimbarani wakaupinga mlolongo na utawala wa chama kimoja, na walitukanwa kwa hilo. Kanisa lenye historia hiyo lisitumie nguvu zake kugombania mwalimu mkuu awe wa dhehebu gani au wa kabila gani. Lizitumie kudai vitabu vya hesabu vifunguliwe, likianzia na shule zilizo na jina lake langoni.

Nanyi watetezi wa haki, mnajua kuandamana na mnajua kwenda mahakamani. Jifunzeni pia kuhudhuria mkutano wa wazazi siku ya Ijumaa alasiri. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na Sheria ya mwaka 2016 imeeleza namna ya kuziomba. Andikeni barua tatu. Ya kwanza kwa shule ya jirani: mlipokea kiasi gani mwaka huu, na lini? Ya pili kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo: mlituma kiasi gani, na lini? Ya tatu kwa mbunge: orodha ya waliopata basari iko wapi, na ilipangwa kwa kigezo gani? Majibu yatakapotofautiana, hapo ndipo kazi yenu itakapoanza. Na mkimkuta kijana ambaye cheti chake kimezuiliwa kwa sababu ya deni la karo, mwambieni kwamba sheria ya Baraza la Mitihani ya mwaka 2012 inakataza jambo hilo, kisha mfuatane naye hadi ofisini.

Ndugu wapendwa, yako matumaini, na nimeyaona kwa macho. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2003 akiwa na miaka sita, mwaka wa elimu ya bure, alitimiza miaka 27 mwaka 2024. Mwezi Juni mwaka huo vijana wa kizazi chake waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri katika lugha za mama zao, wakaueleza kwa simu hadi vijijini. Wengine walilipa kwa damu yao tarehe 25 Juni, na siku iliyofuata Rais akakataa kuutia sahihi mswada huo. Watu wengi waliuliza vijana hawa walitoka wapi. Walitoka katika madarasa yale yaliyofurika, yenye watoto mia moja na mwalimu mmoja, ambayo mara nyingi tuliyadharau. Kama darasa lililosongamana hivyo liliweza kutupatia raia wa namna hiyo, basi tafakarini litatupatia nini darasa lenye mwalimu wa kutosha, kitabu cha kutosha, na hesabu zilizobandikwa langoni.

Kwa hiyo, mtakapotoka hapa, msiniulize mtaala mpya utafaulu au hautafaulu. Nendeni katika shule iliyo karibu na nyumba zenu. Ingieni langoni bila woga, kwa kuwa ni mali yenu. Ulizeni kwa upole, andikeni majibu, na rudini tena muhula ujao. Watoto watakuwa wanawatazama kutoka madirishani, na watajifunza.